Masjala ya Wazi

Mwenyekiti wa kamati, umeniambia nikae.
Nitasimama. Miaka kumi na tisa nimekaa
kwenye stuli ya masjala, chumba cha chini ya ngazi,
pale mwamba wa Nyegezi ulipoingia ukutani
na fundi akaamua kuupaka rangi tu.
Saa nne pimbi huja dirishani, hunikodolea kama mkaguzi.

Naitwa Nyamizi Bugumba. Kazi yangu ni muhuri.
Barua ikiingia naigonga IMEPOKELEWA,
naipa tarehe, naipa folio, nailaza jaladani.
Sisomi.
Huo ni uongo wa kwanza. Uandikeni.

Barua ya Kokusima niliisoma mara tatu
kwa sababu aliileta mara tatu.
Ya kwanza kwa kalamu, karatasi ya mistari.
Ya pili imechapwa, ina aya, ina kumbukumbu namba.
Ya tatu fupi, kama mtu anayekwangua maji ya mwisho ndooni:
Mkuu wa Chuo ameniita tena baada ya saa za kazi.
Amesema mkataba wangu uko kiganjani mwake.
Nilikataa. Jumatatu nilikuta meza yangu koridoni.
Naomba kusikilizwa.

Meza ile tuliipita wiki mbili tukienda kunywa chai.
Kuna walioweka miavuli yao juu yake.

Barua zilipanda ngazi, zikashuka na dokezo
la wino wa kijani, herufi zimelala ubavu:
"Weka masjala ya siri."
Masjala ya siri ina kufuli mbili,
na funguo zote mbili anazo anayelalamikiwa.

Jalada hilohilo, Mwenyekiti, folio inayotangulia,
kuna hati ya kupokea jenereta.
Mhasibu Masanyiwa kasaini, mtunza stoo kasaini,
mimi nimegonga muhuri.
Hakuna aliyewahi kuisikia ikinguruma.
Umeme ukikatika wanafunzi wa maabara
huandika majibu ya kubuni kwa mwanga wa simu.
Kokusima aliuliza kikaoni, kwa sauti, iko wapi.
Tarehe ya kikao hicho, na ya jioni ya kwanza kuitwa:
zilinganisheni wenyewe. Mimi ni karani tu.

Mama yangu aliuza samaki Mwaloni, Kirumba.
Alisema sangara akimwagiwa maji hung'aa hata siku ya nne,
muuzaji naye hung'aa.
Usibishane na yeyote kati yao. Funua matamvua.

Mnauliza kwa nini nimesema leo.
Sina jibu zuri.
Mwezi Machi aliajiriwa binti mwingine, Ng'washi.
Alinifuata chooni: "Dada, ukiitwa juu jioni
huwa mnafanyaje?"
Nikafungua bomba, maji yavume, nisimjibu.
Nimekuwa nikiyasikia maji hayo.

Sasa mnanong'ona uhamisho.
Nalijua neno hilo, nimeligongea muhuri.
Huyu bwana naye alihamishiwa kwetu.
Jalada lake lilifika jembamba,
folio ya kumi na nne, kisha ya thelathini na mbili,
katikati vipande vya karatasi vimebaki kwenye kamba.
Msimvushe Busisi mkaiita haki.
Ng'ambo nako kuna chuo, kuna chumba chini ya ngazi,
kuna mwanamke kwenye stuli.

Kokusima anashona sare za shule, Mabatini.
Hajafa, msimsikitikie. Mwiteni.
Mwiteni mchana, mlango ukiwa wazi.

Na hizi hapa nakala.
Kila kilichokwenda masjala ya siri nilikitoa mbili.
Zinanuka dagaa kidogo, zilikaa darini kwenye sandarusi.
Kabla hujafungua ukurasa, Mwenyekiti,
chukua muhuri wenu.
Gonga.
Nataka safari hii niwe upande wa kusikia.